Nimepewa ukodineta wa watoto wa mahitaji maalum hapa nasari, nianzie wapi?

Madam_Topu: Habari zenu walimu. Niko Arua, Uganda, dairekta kanipa ukodineta wa watoto wa mahitaji maalum, mshahara ule ule na topu klasi, darasa la mwisho la nasari, bado nafundisha. Speshal niidz sijasomea. Bebi klasi, kwa wale wadogo kabisa, kuna mmoja haongei kabisa, mwingine ukimwita hageuki, na mwingine hakai chini anazunguka tu. Mwalimu wao keshawaandika wote "slow lena", yaani wazito wa kuelewa. Na wazazi nawaambiaje bila wao kumtoa mtoto?

Mzee_wa_Chaki: Hongera na pole madam. Hiyo slow lena ifutwe, itamfuata mtoto hadi P7, mwisho wa praimari. Wewe andika unachokiona tu, alikuwa anafanya nini, kabla yake kulitokea nini, jina la ugonjwa waachie madaktari. Huyo asiyegeuka anza na masikio, akiwa anacheza simama nyuma yake asikuone, tikisa kopo la maharage huku na kule. Si kipimo hicho ila kinakupa picha, asipogeuka au akigeuka upande mmoja tu apelekwe akapimwe. Na sikio likitoa usaha usingoje kopo, ni helthi senta moja kwa moja, wakishindwa watamwandikia hospitali ya rufaa hapo hapo Arua. Wangapi wanachapwa eti wabishi kumbe hawasikii!

MamaKongo: Na huyo asiyeongea, kwao wanaongea nini?? Huku watoto kibao wametoka Kongo, nyumbani ni Kiswahili na Kilingala, akifika darasani anakuta Kiingereza na Kilugbara cha wenyeji, sasa aongee nini na nani. Mpe kitabu cha picha umuulize kwa Kiswahili mbuzi yuko wapi. Kuna mmoja kwetu alikuwa kimya muhula mzima, siku hiyo akaonyesha mbuzi akaanza na kusimulia vile mbuzi wa bibi alikula sabuni, mwalimu mdomo wazi 😂 Lakini mama akisema hata nyumbani haongei, hapo usilale.

Wazazi usiwasimamishe getini mbele ya watu. Muulize mama kwanza mtoto anapenda nini, alizaliwaje, kama aliwahi kupata degedege au malaria ya kupanda kichwani, atafunguka mwenyewe. Akikwambia karogwa usibishane naye, mwambie hospitali nako afike.

Madam_Topu: Asanteni jamani, kwao ni Kiswahili kweli! Na huyu wa kuzunguka?

Mzee_wa_Chaki: Ana miaka mingapi? Kama ni mitatu na anakalishwa mkekani asubuhi nzima, hata mimi ningezunguka. Mpe kazi ya kugawa vikombe, toeni watoto nje mara kwa mara, andika wiki kadhaa ndio uamue.

Kodineta_Jinja: Mwombe dairekta vipindi vya hiyo kazi, kwa maandishi, la sivyo utaifanya usiku. Na akianza kusema mtoto fulani arudishwe kwao mkumbushe sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020, kumbagua mtoto shuleni kwa ajili ya ulemavu ni marufuku. Ukitaka kusoma, Chuo Kikuu cha Kyambogo wana fakalti nzima ya speshal niidz.