Kola gani kwa matembezi ya pamoja: ngozi, nailoni, shanga au mkanda wa kifuani?

MamaBosco, Ruaka

Wadau, hamjambo. Wenye mbwa wa mtaa wetu tumekubaliana tuwe tunatoka pamoja Jumamosi asubuhi kwenda msitu wa Karura. Kabla ya kuanza, daktari wa mifugo atakuja tuwachanjishe mbwa wote dhidi ya kichaa cha mbwa siku moja, pale uwanja wa watoto. Nina mbwa wawili. Bosco ni mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ana kilo 35 na anavuta kwelikweli. Popi ni Japanese Spitz, manyoya mengi na shingo nyembamba ndani yake. Bosco amezoea mnyororo tu, Popi hajawahi kuvaa kitu.

Nimeona kola za ngozi, za nailoni zenye klipu ya plastiki, zile za shanga zinazopendeza sana, na mikanda ya kifuani. Swali langu si ipi nzuri machoni. Nataka ile itakayonisaidia nikiwa katikati ya mbwa wengine, watoto na watu wa baiskeli. Niko tayari kulipa, ila sitaki kununua mara mbili.

FundiNgozi, Nairobi

Dada, karibu. Mimi nashona ngozi, kwa hivyo nitaongea upande wangu.

Ukienda Kariokor utapata mafundi wanaokushonea kola kwa kipimo cha shingo ya mbwa wako. Kabla ya kulipa, fanya hivi: ikunje kola kwa nguvu na uangalie sehemu ya mkunjo. Ngozi halisi inakunjamana na kurudi. Reksini, yaani ngozi bandia iliyobandikwa juu ya kitambaa, inapasuka rangi pale pale, na ukitazama kwenye ukingo utaona tabaka mbili. Halafu shika pete, ile yenye umbo la D unapofungia kamba. Tafuta mahali ncha mbili za waya zinapokutana. Kama hazijachomelewa utaona mwanya mwembamba, na mbwa wa kilo 35 akiruka mara moja mwanya unafunguka. Watu hulaumu ngozi na kumbe ni pete iliyowaangusha.

Kwa Bosco ningeshona upana wa sentimita 4, ngozi nene ya ng'ombe, bizimu ya shaba au chuma cha pua. Klipu ya plastiki simshauri mwenye mbwa mkubwa anayevuta. Kwa Popi ngozi pana itamkata manyoya na kuyafunga mafundo. Mwombe fundi amshonee ile ya mviringo, iliyokunjwa kama kamba, inapita katikati ya manyoya bila kuyasugua.

Za shanga ni kazi nzuri ya akina mama, na ninaziuza pia. Uliza zimeshonwa kwa uzi gani. Wa nailoni uliopakwa nta unakaa miaka. Wa pamba ukilowa unaoza, na siku moja shanga zote ziko chini.

Dkt_Mifugo, Machakos

Mama Bosco, hongera kwa kuanza na chanjo. Nitakuambia jambo moja ambalo wateja wangu wengi hawalifikirii: kola na kifaa cha kumzuia mbwa anayevuta ni vitu viwili tofauti.

Kola inabeba namba yako ya simu na alama ya chanjo. Mbwa akivuta kwa shingo muda mrefu anaumiza koo, na presha ndani ya macho inapanda. Hilo limepimwa na kuthibitishwa. Jamii ya Spitz na mbwa wengine wadogo wana koo laini, baadhi yao hupata shida ya bomba la hewa kulegea na kukohoa kama bata. Popi avae mkanda wa kifuani tangu siku ya kwanza. Kwa Bosco tafuta mkanda wenye pete mbele ya kifua, si mgongoni. Akivuta, kamba inamgeuza upande badala ya kumpa nguvu ya kusukuma mbele. Ile ya mgongoni kwa mbwa mwenye nguvu inamfundisha kukokota.

Mnyororo wa kukaba weka kando kabisa. Katika kundi la mbwa ambao hawajazoeana, mbwa akibanwa shingo kila anapomwona mwenzake anaanza kuhusisha maumivu na yule mwenzake. Hapo ugomvi unazaliwa.

Kipimo: chukua utepe wa fundi cherehani, pima shingo chini ya masikio na pia pale kola inapokaa. Ukishaifunga, vidole viwili vipite chini yake bila kusukumana. Kwa Popi penyeza vidole hadi kwenye ngozi, usidanganywe na manyoya. Na kwa mbwa mchanga rudia kupima kila baada ya wiki chache. Nimewahi kukata kola zilizozama kwenye nyama kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuilegeza mbwa alipokua.

Mkuu_wa_Mara, Musoma

Wakuu, habari za saa hizi. Nawasoma kutoka Tanzania. Nimesaidia kampeni za chanjo vijijini huku kwetu karibu na Serengeti, na nataka kugusa hiyo siku ya uwanjani, maana ndipo kola inapojaribiwa kuliko msituni.

Huku mbwa wengi hawana kola. Wanaletwa na watoto, wamefungwa kamba ya katani au kipande cha chandarua. Mbwa akiona umati anarudi kinyumenyume, kamba inapita juu ya masikio, amekwenda. Mbwa wetu wa kienyeji kichwa chake ni chembamba, karibu sawa na shingo, kwa hiyo kola ya kawaida hata ukiibana vizuri anajivua. Bosco ana damu hiyo. Kuna kola ya kitambaa yenye kitanzi kidogo cha pili: mbwa akirudi nyuma inajibana kiasi kisha inasimama, haimkabi. Wenye mbwa wa mbio wanaitumia kwa sababu hiyo hiyo. Kama huipati, funga kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Kimoja kikimtoka, kingine kinamshika.

Mbwa akishachomwa sindano alivishwa kola ya plastiki ya rangi. Baadaye watu walipita mitaani kuhesabu wenye rangi na wasio nayo, wakajua kama kijiji kimefika asilimia 70, kiwango ambacho wataalamu wanasema kinakata maambukizi ya kichaa cha mbwa. Pemba walichanja mpaka ugonjwa ukaisha. Mwaka 2016 ukaonekana tena, wakarudi na chanjo, ukaisha tena. Kwa hiyo hata mtaani kwenu, wale mbwa wasio na mwenyewe wanaolala sokoni waiteni pia. Chanjo ya Bosco peke yake haimlindi mtoto wa jirani.

Utaratibu tuliouona unafaa: foleni iwe na nafasi ya hatua kadhaa kati ya mbwa na mbwa, na mtoto asiachiwe mbwa anayemzidi nguvu.

Dkt_Mifugo, Machakos

Mkuu wa Mara, umenena. Naongeza mawili. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na cheti kitunzwe. Na yeyote akiumwa siku hiyo, hata kwa mchubuko tu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asipake kahawa wala mafuta ya taa.

BabaNyali, Mombasa

Mwanangu Mama Bosco, salaam. Pwani kuna kitu hao wa bara hawakitaji: chumvi. Ngozi ikiingia maji ya bahari na kukaushwa juani inakuwa ngumu na kupasuka, na bizimu ya chuma cha kawaida inakula kutu kwa muda mfupi sana. Mbwa wangu huoga baharini kila Jumapili, na anavaa ile ya utepe uliopakwa plastiki laini, unaisuuza bombani na kazi imekwisha. Ya nailoni nayo hufaa, lakini ikikaa na unyevu inanuka na kumletea mbwa vidonda shingoni. Ukija likizo na Bosco, acha ngozi nyumbani.

La pili ni la majirani. Huku wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa yakimgusa mtu aliyejitayarisha kwa sala yanamlazimu kupatwaharisha mahali yalipogusa. Mbwa wa ulinzi anakubalika, hilo halina ubishi, ila ukipita karibu na msikiti au kwa mzee aliyekaa barazani, fupisha kamba na umweke mbwa upande wa pili wa mwili wako. Mimi hubeba kamba fupi isiyobadilika, si zile za kujifyatua ndani ya kijisanduku. Zile mbwa anakuwa mita tano mbele yako kabla hujabonyeza kitufe, na ule uzi mwembamba ukiushika kwa mkono unakuchana. Tumetembea hivyo miaka na majirani wanatusalimia, mbwa pamoja nasi.

MamaBosco, Ruaka

Shikamoo Baba Nyali, na asanteni nyote. Mmenifungua macho. Hapo kwenye kamba za kujifyatua nilikuwa tayari nimezitia kwenye orodha, nimezitoa.

Maswali mawili. Kupe ni wengi huku kwetu, je hizi kola za dawa zinafanya kazi na je zinavaliwa pamoja na kola ya kawaida? Na nyumbani, niwaache na kola usiku wakifunguliwa?

Dkt_Mifugo, Machakos

Zinafanya kazi, ukichagua ya kweli. Zenye deltamethrin au flumethrin pamoja na imidacloprid hutoa dawa kidogo kidogo juu ya manyoya kwa miezi, zingine hadi minane. Lakini dawa lazima iguse ngozi, kwa hiyo hiyo nayo iwe vidole viwili, na kipande kinachobaki kikatwe, mbwa wasije wakatafuna. Kamba usiifungie kwenye kola ya dawa. Inavaliwa pamoja na ya kawaida bila shida. Kama una paka anayelala na Popi, niambie kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizi ni hatari kwa paka. Na zile zinazouzwa barabarani bila jina la dawa kwenye pakiti msinunue. Kupe huku wanaleta magonjwa ya damu yanayoua mbwa mzima ndani ya siku chache.

Usiku mimi nasema vua. Mbwa wawili wakicheza, taya la mmoja hunasa kwenye kola ya mwenzake, na kila mmoja anavyohangaika ndivyo wanavyokabana. Wengine hunasa kwenye ua wa waya.

FundiNgozi, Nairobi

Daktari, kwa heshima, hapo siko nawe. Hapa mjini geti likisahaulika wazi, mbwa asiye na kola ni mbwa wa mtaani machoni pa kila mtu. Ya Bosco mimi ningeiacha shingoni na namba ya simu juu yake. Tena si kibati kinachoning'inia na kupotea, bali bati dogo lililochongwa namba na kugongewa ribiti mbili moja kwa moja kwenye ngozi.

Baraka_Leeds, Uingereza

Hapa Uingereza wote wawili mngekuwa na haki kwa namna fulani. Tangu 1992 sheria inataka mbwa akiwa mahali pa umma avae kola yenye jina na anwani ya mwenyewe, lakini nyumbani unaweza kumvua, kwa sababu pia ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ambayo Uingereza imekuwa lazima tangu 2016. Chipu haionekani kwa jirani aliyemwokota mbwa usiku. Kola inaonekana. Kama daktari wenu anazo chipu, siku ya chanjo ndiyo siku yenyewe.

Na kuhusu kundi: Jumamosi huwa nakimbia na mbwa wangu parkrun, mbio za pamoja za kila wiki, kilomita 5, tuko mamia. Kanuni yao ni mbwa mmoja kwa mtu mmoja, kamba fupi na imeshikwa mkononi. Mikanda ya kumfunga mbwa kiunoni mwa mkimbiaji waliikataza 2022 kwa sababu ya watu kuangushwa. Mama Bosco, ukienda Karura na wawili peke yako, mmoja atakosa mkono wa kumshika. Tafuta mtu amshike Popi.

MamaBosco, Ruaka

Binti yangu atamshika Popi. Kwa Bosco nachukua mkanda wa pete ya mbele na ile kola ya kitanzi cha pili kwa siku ya chanjo, kisha FundiNgozi naomba unishonee ya ngozi yenye bati la namba, tuwasiliane inboksi. Popi mkanda wa kifuani na ya mviringo. Za shanga nitanunua mbili za sikukuu. Paka hatuna, daktari, kwa hiyo na kola za dawa nachukua. Usiku, Bosco anayelala peke yake nje atabaki na kola, Popi anayelala ndani nitamvua.

Karura hairuhusu mbwa kuachiwa huru, na nimewaambia wenzangu sababu: kuna pongo, paa na kima, na mbega waliorudishwa msituni humo. Tutaingia saa moja asubuhi, kabla baiskeli hazijawa nyingi.

Mkuu_wa_Mara, Musoma

Safi sana dada. Moja tu limebaki: mwenye jike aliye kwenye joto akae nyumbani wiki hizo tatu, la sivyo hakuna kola itakayowashika madume. Na kila mtu abebe mifuko ya kuokotea kinyesi, miwili kwa kila mbwa.

MamaBosco, Ruaka

Nimeandika yote mawili kwenye kundi la mtaa sasa hivi. Aliye karibu na Ruaka na anataka kuungana nasi, aniandikie inboksi na atume picha ya cheti cha chanjo.