Mjadala: Nani apange maendeleo ya kijiji?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, tumebishana miaka mingi kama maendeleo ya vijijini yapangwe na wataalamu wa serikali au na wanakijiji. Kwangu mimi, mpango ni wa anayeshika fedha. Wanakijiji hukutanishwa, hutaja kisima, zahanati na barabara, kisha orodha hupelekwa wilayani na kukuta bajeti imeshagawanywa. Huko ni kuwapotezea watu muda! Mwaka 1996 jimbo la Kerala, India, lilianza na fedha: asilimia 35 hadi 40 ya bajeti ya maendeleo ilitengewa serikali za mitaa, na watu wakajadili wakijua kuna kitu cha kugawana.

Mchangiaji: Nakupinga, ndugu. Fedha zikifika kijijini huangukia kwa wenye ardhi na jamaa za mwenyekiti. Halafu bonde la mto hupita vijiji mia, kijiji kimoja kitalipangaje? Korea Kusini iliinua vijiji kutoka juu: mwaka 1970 serikali ilianza kugawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, na vijiji vilizidi 33,000.

Mwanzisha mada: Mabonde na umeme nakuachia, hayo ni ya taifa. Lakini saruji ile wanakijiji ndio walioamua wajengee nini kwa faida ya wote, na vijiji takriban 16,600 vilivyofanya vizuri vikaongezewa mifuko 500 na tani moja ya chuma. Amri tupu tuliiona Tanzania: mwaka 1973 iliagizwa kwamba kufikia 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni walihamishwa, wengi kwa nguvu, wengine wakawekwa mbali na mashamba yao. Aliyechora ramani hakuijua ardhi ile kama aliyeilima.

Mchangiaji: Hapo nakubali. Ila mifano ya Korea na Kerala inaficha jambo. Korea ilikuwa imeshawagawia wakulima ardhi ya makabaila tangu miaka ya 1950, na Kerala ilifuta ukabaila kwa sheria iliyoanza kutumika 1970. Fedha na saruji zilikuta watu wasiopishana sana kwa uwezo. Penye mwenye shamba mmoja na vibarua mia, nani atathubutu kumpinga mkutanoni? Mimi nasema ardhi kwanza. Wewe ungeanza na bajeti hata hapo?