Tupeane uzoefu: mlipataje ruzuku ya umma kwa mradi wenu huku Ulaya?

Binti wa Chumbageni (Hamburg)
Habari zenu ndugu zangu. Chama chetu cha akina mama kinafundisha watoto Kiswahili na ngoma kila Jumamosi. Miaka minne tulijiendesha kwa michango na kuuza sambusa. Kwamba fedha za umma zipo nilisikia, ila sikujua pa kubisha hodi.

Nikaanza na mlango mkubwa kuliko yote, tovuti ya ruzuku na zabuni ya Umoja wa Ulaya. Nikasajili chama, tukapata ile namba ya utambulisho ya tarakimu tisa, nikakesha siku tatu nikisoma miito ya maombi. Horizon Europe, programu moja ya Umoja huo, peke yake ni zaidi ya yuro bilioni 90 kwa 2021 hadi 2027, lakini hizo ni za utafiti na uvumbuzi, na miito yake mingi inataka angalau taasisi tatu za nchi tatu. Hata tungeandika vizuri namna gani, hazikuwa fedha zetu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa ofisi ya utamaduni ya wilaya. Aliniuliza: mradi wenu unamfaidi nani, na huyo mtu anaishi wapi? Nikasema watoto wa mitaa hii hii. Akasema basi anzeni na wilaya, kisha jimbo, kisha serikali kuu, Ulaya iwe mwisho. Akanionyesha Förderdatenbank, ambako serikali ya Ujerumani imekusanya pamoja programu za majimbo, za taifa na za Umoja wa Ulaya. Unachagua jimbo lako na aina ya mwombaji, orodha inapungua hadi unaweza kuisoma kwa jioni moja.

Tukaomba yuro 3,000. Hapo ndipo nilipoumia. Ukumbi ulikuwa unagombaniwa, nikasaini mkataba na kutoa malipo ya awali wiki mbili kabla ya barua ya majibu. Ombi likakataliwa. Kwa kanuni za ruzuku hapa, kusaini mkataba kunahesabiwa kuwa umeanza mradi, na mradi ulioanza kabla ya idhini haupewi kitu, labda uwe umeomba kibali cha kuanza mapema ukapewa kwa maandishi. Nililia. Mwaka uliofuata tukaomba tena, tukapata. Nanyi semeni mlipita wapi, hasa mliokwama.

Mzee wa Majorsgården (Göteborg)
Pole sana mwanangu. Huku Sweden tazameni Arvsfonden. Ni mfuko wa tangu 1928, na fedha zake ni mali za watu waliofariki bila mwenzi wala ndugu wa karibu wa kurithi. Unasaidia miradi ya watoto, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na maombi yanapokelewa mwaka mzima.

Tuliwapigia simu kabla ya kuandika neno. Tukaambiwa shughuli za kila siku za chama hawalipii. Wanataka jambo jipya, na walengwa wenyewe washiriki kulipanga. Ikabidi tuwaketishe wazee wetu na kuwauliza wanataka nini. Sisi tulidhani wanataka safari. Wao wakataka kuwasimulia wajukuu maisha yao na kurekodiwa. Andiko la mradi likatoka katika kikao kile.

Abu Salma (Leicester)
Shikamoo mzee. Sisi tulipata mtihani wa namna nyingine. Ruzuku rahisi kwa vikundi vidogo hapa Uingereza ni Awards for All, kuanzia pauni 300 hadi 20,000. Lakini ni fedha za bahati nasibu ya taifa, na wazee wetu wakasema fedha ya kamari haingii madrasa. Vijana wakabisha kwamba sasa ni fedha ya umma. Tulijadiliana wiki nyingi, na nafurahi hatukupuuza dhamiri ya mtu. Tukaenda kwa diwani wa kata, naye akatuelekeza kwenye mfuko mdogo wa halmashauri.

Jambo la pili, akaunti ya benki. Mwenyekiti na mkewe ndio waliokuwa watia saini. Wafadhili wa hapa wanataka watu wawili wasio na undugu wala ndoa. Kubadilisha kulituchukua miezi miwili, na dirisha la kwanza la maombi likafungwa. Lirekebisheni hilo leo.

Nyota (Bologna)
Kwa walio tayari kushirikiana na nchi nyingine: Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ya elimu, vijana na michezo, ina ubia mdogo wa yuro 30,000 au 60,000, na mashirika mawili ya nchi mbili yanatosha. Unaomba kwa wakala wa nchi yako, si Brussels. Mara ya kwanza tulipata alama 57, na chini ya 60 kati ya 100 huvuki. Lakini maoni ya watathmini yalitufaa kuliko semina zote: tulieleza shida vizuri, hatukueleza kila mshirika atafanya nini na lini. Tukaandika upya sehemu hiyo tu.

Mtafiti wa Mgeta (Wageningen)
Dada hapo juu yuko sahihi kwamba Horizon si ya vyama vidogo. Ila kama uko chuo kikuu, jueni kwamba taasisi za Tanzania na Kenya zinaruhusiwa kulipwa moja kwa moja kutoka humo. Msikubali wenzetu wa Morogoro waandikwe kama wasaidizi wa kukusanya takwimu. Wawekeni kama washirika kamili, wenye bajeti yao.

Mgeni mpya (Köln)
Samahani, mimi si raia, nina kibali cha makazi tu. Naweza kuomba?

Binti wa Chumbageni (Hamburg)
Karibu mdogo wangu. Kwa ruzuku kama yetu anayeomba ni chama. Kusajili chama Ujerumani kunahitaji wanachama saba, na uraia hauulizwi. Mko wangapi?

Mgeni mpya (Köln)
Watano. Jumapili naongea na wawili.