Mrejesho: ile 47 na kaburi la Kirk

Wakuu nimerudi. Niliuliza mbona namba 47 inajirudia hivyo kwenye tamthilia ya anga za juu ya Star Trek: The Next Generation, nikahisi labda ni macho yangu tu. Kumbe kweli kabisa! Mwandishi Joe Menosky alisoma Pomona College, chuo kimoja cha Marekani, na pale 47 ni utani wa wanafunzi tangu 1964, basi akaja nao kwenye skripti na wenzake wakaudaka. Na lile jiwe la kaburi la Kapteni Kirk kwenye episodi ya 1966 ya Star Trek ile ya kwanza nimelisimamisha nikalisoma herufi kwa herufi, limeandikwa James R. Kirk, wakati baadaye ni James T., yaani jina la kati lilikuwa halijatulia bado. Sasa naanza upya kutazama, kila skrini ya nyuma naikagua, raha sana aisee. Asanteni mno.