MJADALA: Maskini wa Nairobi ahesabiwe tajiri kwa sababu jirani yake ni tajiri?

Wandugu, naleta hoja ambayo najua itawakera wengi, hasa wenzetu wa kaunti za kaskazini. Naomba tuijadili bila kuingiza kabila.

Kila fedha ambazo serikali kuu huzipa kaunti zinapogawanywa, hurudi kauli ileile: Nairobi ina pesa, ijitegemee. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kikao baada ya kikao juu ya fomula ya mgao. Upande mmoja ulidai "mtu mmoja, shilingi moja", upande wa pili ukasema hesabu hiyo itazipokonya kaunti kame kidogo zilichonacho. Mwafaka ulipatikana Septemba, na ulipatikana kwa sababu serikali ilikubali kuongeza mgao wa mwaka wa fedha wa 2021/22 kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Uliongezwa unga kwenye sufuria. Swali la nani ana njaa zaidi halikujibiwa.

Msimamo wangu ni huu: umaskini uhesabiwe kwa kichwa cha mtu na kwa mtaa anaoishi. Kuupima kwa jina la kaunti ni dhuluma kwa familia zilizozaliwa upande usiofaa wa barabara.

Tuangalie takwimu. Utafiti wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, wa 2015/16 ulionyesha asilimia 36.1 ya Wakenya ni maskini. Nairobi ilikuwa chini kabisa, asilimia 16.7. Turkana ilikuwa juu kabisa, asilimia 79.4. Ukiishia hapo, kesi imekwisha: peleka fedha Turkana. Sasa chukua asilimia hizo uziweke juu ya sensa ya 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, Turkana 926,976. Maskini wa Nairobi wanakuwa zaidi ya laki saba, maskini wa Turkana nao zaidi ya laki saba. Karibu sawasawa! Najua nachanganya miaka miwili tofauti, kwa hiyo chukueni kama makadirio, lakini ukubwa wa jambo unaonekana. Jumlisha wakazi wote wa Isiolo na Samburu, mwenye ng'ombe mia na asiye na mbuzi, na bado hawafiki laki sita.

Watu hao laki saba hawaonekani kwa sababu wanaishi kaunti moja na mitaa ya matajiri ya Runda, Karen na Muthaiga. Mapato ya bwana wa Muthaiga yanaingizwa kwenye wastani mmoja na ya mama anayefua nguo za watu Mathare, kisha tunaambiwa wote wawili ni watu wa kaunti tajiri. Kati ya mitaa hiyo miwili kuna Barabara ya Thika tu. Huko Kibera, ukuta wa uwanja wa gofu unapakana na mabati.

Tena maisha ya huyo mama si ya bei nafuu. Maji ndiyo mfano ninaoupenda kuutoa kwa sababu hauhitaji siasa. Nyumba ya ploti haina mfereji, kwa hiyo anapanga foleni na mtungi wa lita 20 kwa muuzaji. Tuseme siku nzuri mtungi ni shilingi 5. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50, kwa hiyo maji yaleyale yamemfikia kwa shilingi 250. Mwenye mita nyumbani, anayeogesha gari na kumwagilia nyasi, analipa kidogo kuliko hapo kwa kiasi hicho hicho. Mifereji ikikauka, mtungi unapanda hadi 20, na hesabu inakuwa 1,000. Anayelala chumba cha futi kumi kwa kumi analipia maji ghali kuliko mwenye bustani! Na choo cha kulipia, na stima ya kuunganishiwa na mtu wa mtaa, vyote mkondo ni huo huo. Kodi ikichelewa wiki moja, keyarteka, yaani msimamizi wa nyumba, anakuja na kufuli.

Hali hii haikujileta. Mji ulioanza kama kituo cha reli mwaka 1899 ulipangwa kwa rangi: Wazungu walipewa miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakawa Parklands na Ngara, Mwafrika akasukumwa Eastlands akiwa kibarua aliyetarajiwa kurudi kwao kijijini. Uhuru ulibadilisha rangi ya wenye nyumba, lakini mabomba ya maji na mitaro ya majitaka ilibaki ilikokuwa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifuata ramani hiyohiyo. Familia za kando ya Mto Mathare zilisombwa, kisha tingatinga likaja kubomoa kilichobaki kwa sababu walikuwa ndani ya mita 30 za mto. Waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia watafute pengine pa kuishi. Kwa mji huu, hiyo ni miezi miwili ya kodi, au mitatu ukibana sana.

Najua kuna watakaosema Nairobi inakusanya mapato yake yenyewe. Ni kweli, miaka ya karibuni yamepita shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Yagawanyeni kwa watu milioni nne na ushee muone kila kichwa kinabaki na nini. Wengine watasema maskini wa mjini arudi mashambani. Shamba gani? Wengi wa watoto hawa wamezaliwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya hapa mjini, na babu zao walizaliwa hapa.

Karibuni. Nataka kusikia zaidi anayepinga.

Mchangiaji kutoka Kiambu:
Naunga mkono, na mtutaje na sisi. Ukisikia Kiambu unafikiria majani chai na nyumba za Runda ya pili. Njoo Kiandutu, hapo Thika, uone watu wanavyoishi. Basari yetu, ile fedha ya kusaidia karo, inagombaniwa na watoto wengi mno, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo kama wa kaunti nyingine yoyote.

Mchangiaji kutoka Lodwar:
Mleta mada, nakuheshimu lakini umeficha nusu ya hesabu. Mwaka 2021/22 Nairobi ilipata karibu bilioni 19.2 na sisi Turkana karibu bilioni 12.6. Najua ukigawa kwa vichwa sisi tunaonekana tumependelewa mara tatu. Lakini Nairobi ni kilomita za mraba 696. Turkana ni zaidi ya 68,000. Mama wa Mathare akishikwa na uchungu usiku, Pumwani iko karibu, hata akibebwa kwa mkokoteni atafika. Mama wa Kibish, huko kaskazini mwa Turkana, akishikwa na uchungu, gari lenyewe la kumbeba linatoka mbali kuliko Nairobi yako nzima ilivyo pana. Shilingi moja kwenu inachimba mfereji wa watu elfu. Kwetu haitoshi hata mafuta ya lori la maji.

Halafu umetusomea historia ya Nairobi, mimi nikusomee yetu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, penye reli na barabara, ili faida ije itufikie baadaye. Hatukuiona. Tulingoja hadi Katiba ya 2010. Sasa hata miaka ishirini ya ugatuzi haijatimia, unatuambia tuhesabiane vichwa.

Mleta mada:
Ndugu wa Lodwar, asante. Hoja ya umbali naikubali yote, na sitaki Turkana ipunguziwe hata senti inayopewa kwa ajili ya umbali huo. Gharama ya kumfikia mtu mahali pa mbali ni hoja halali, ndiyo maana fomula ya 2020 iliweka asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi, 8 nyingine kwa barabara, na 20 ya msingi inayogawanywa sawa kwa kila kaunti. Vigezo vya namna hiyo viwepo. Ninachogombea ni kile kigezo cha umaskini, ambacho fomula hiyo ilikipa asilimia 14. Hicho kingehesabu maskini walipo, awe Kibish au mtaa wa mabanda wa Mukuru hapa Nairobi.

Wala si wazo langu peke yangu. Tume ya Ugavi wa Mapato yenyewe imeshalifanya kwenye Hazina ya Usawazishaji, ile asilimia 0.5 ya mapato ambayo Kifungu cha 204 cha Katiba kinaielekeza kwenye maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyotengwa. Sera ya kwanza ilitaja kaunti 14 nzima nzima. Sera ya pili, ya 2018, ikashuka hadi chini na kutaja maeneo 1,424 ndani ya kaunti 34. Tume iliona kwamba kaunti iliyotengwa ina watu wasiotengwa, na kaunti inayosifiwa ina watu waliosahauliwa. Kama hesabu hiyo inawezekana kwa Hazina, inashindikanaje kwa mgao mkubwa?

Na nitawageukia viongozi wetu wa Nairobi pia, maana hapa sitanyamaza. Huwezi kupeleka Seneti idadi ya watu wa Mathare, Korogocho na Mukuru kudai fedha, kisha fedha zikifika zigawanywe kana kwamba wadi zote 85 zina shida sawa. Chakula cha shule kilichoanza 2023, ambapo mtoto analipa shilingi 5 kwa sahani, kimenionyesha kaunti ikitaka inaweza. Lakini watoto wengi wa mitaa hii wanasoma shule ndogo za mabati zisizo za serikali, kwa sababu shule ya umma iko mbali au imejaa. Sahani iwafuate na huko.

Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu: utakubali kigezo cha umaskini kishuke hadi kata ndogo, hata kama sehemu za Lodwar mjini zitaonekana zina nafuu kuliko Korogocho?

Mchangiaji kutoka Lodwar:
Nitakubali kwa sharti moja. Hiyo Hazina unayoisifu haijawahi kupewa fedha zote inazostahili kwa mujibu wa Katiba, na Katiba iliipa miaka 20 tu isipoongezewa muda. Orodha ya maeneo 1,424 ipo kwenye karatasi, na visima vingi katika maeneo hayo bado havijachimbwa. Kabla hujaniomba nikubali hesabu mpya, niambie maskini wako na wangu watadai vipi, pamoja, zile fedha ambazo tayari ni zao.