Naombeni ushauri: chakula gani cha dukani cha paka ni salama hapa Mwanza?

Binti Nyasaka
Habari za jioni wakuu. Nina paka, nataka nimtoe kwenye ugali na dagaa nimuweke kwenye chakula cha dukani moja kwa moja. Nimezunguka maduka ya pembejeo za mifugo na supamaketi mjini, nimekuta vitu vitatu. Kuna vipakti vya rojo vya Whiskas, kuna mfuko wa punje kavu wenye Kiarabu kingi na Kiingereza kidogo, halafu kuna punje za kupima kwa kilo, ambazo ndizo rahisi kuliko zote. Kipi cha kuaminika? Picha za paka kwenye mifuko zote zinapendeza, haziniambii kitu. Nijibuni mapema tafadhali, nina wasiwasi.

Mwalo wa Kirumba
Dada, unaishi Mwanza halafu unauliza chakula cha paka? Mwaloni dagaa wanaanikwa kila siku, mapanki ya sangara yapo, vichwa vya sato vipo. Paka ni wa kukamata panya. Ukimzoesha kopo, panya watahamia kwako. Tena ni vibaya paka kula ghali kuliko watoto wa jirani.

Tabibu Mifugo
Binti Nyasaka, kabla hatujafika kwenye mifuko: ni dume au jike? Ana umri gani, uzito gani? Amehasiwa? Anakunywa maji? Choo chake kikoje, kikubwa na kidogo?

Binti Nyasaka
Dume, miaka minne, mnene kiasi. Anakula kawaida. Hizo punje za kupima zina protini 32%, nimeona ni nzuri kuliko za mfuko wenye 28%. Ndiyo maana nauliza.

Kokoto za Igogo
Asilimia peke yake inadanganya, usilinganishe hivyo. Ondoa maji kwanza. Kipakti cha rojo kikiandika protini 10% na maji 80%, kilichobaki kikavu ni 20 tu, na 10 kati ya 20 ni nusu nzima, yaani 50%. Punje kavu zenye protini 30% na maji 10% zinatoka 30 kwa 90, kama 33%. Rojo lililoonekana dhaifu limeshinda.

Halafu tafuta wanga, maana wengi hawauandiki. Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzi, maji na majivu (yaani madini). Punje zenye protini 26, mafuta 9, nyuzi 4, maji 10 na majivu 8 zimebakiwa na 43. Hizo 43 ni mahindi, mchele au ngano. Paka anaweza kumeng'enya wanga uliopikwa, lakini mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kizito ndicho cha kwanza. Ukikuta mahindi yametangulia na "bidhaa za wanyama" zisizotajwa mnyama gani zinafuata, rudisha mfuko kwenye rafu.

Tabibu Mifugo
Hesabu nzuri, ila kuna neno linalotangulia hesabu zote. Kwenye mfuko tafuta "complete" au "complete and balanced". Maana yake chakula kinajitosheleza. Kikiandikwa "complementary" ni cha nyongeza, paka akikila peke yake ataishiwa virutubisho. Vyakula vya Marekani hutaja AAFCO na vya Ulaya hutaja FEDIAF, ambavyo ni vyombo vinavyoweka viwango vya chakula cha wanyama, pamoja na rika: mtoto au mkubwa. AAFCO wanataka protini isiyopungua 26% kwa paka mkubwa na 30% kwa anayekua au mwenye mimba, ikihesabiwa bila maji.

Cha pili ni taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka waliokosa taurini walivimba moyo, na wengi walirudi hali nzuri walipoongezewa. Macho nayo huharibika kwa nyuma, na hayo hayarudi. Kwa hiyo chakula cha mbwa hakifai hata kikiwa nusu bei: mbwa mkubwa anatakiwa protini 18% tu, na sheria za chakula chake hazilazimishi taurini.

Na bado sijajibiwa kuhusu mkojo.

Sumukuvu Ipo
Za kupima kwa kilo ziache. Muuzaji hukata mfuko mkubwa, akamimina kwenye ndoo au kwenye mfuko wa nailoni unaoangaza. Hapo umepoteza namba ya toleo, tarehe ya kuisha, jina la kiwanda na anwani. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje yanakutana na hewa na mwanga, yanachacha. Yaliyochacha yananuka mafuta ya kukaangia yaliyolala, au rangi ya ukutani. Wakati wa mvua, kwa unyevu huu wa ziwa, punje zinanyonya maji na kulainika, kisha kuvu inaingia kwenye mahindi. Sumukuvu haitoki kwa kuanika wala kwa kupika. Mlipuko wa 2016 Dodoma na Manyara uliua watu kwa mahindi, na ini la paka ni dogo mno kushindana nayo.

Namba ya toleo si urembo. Mwaka 2007 huko Marekani na Kanada chakula cha paka na mbwa kilirudishwa kwa wingi kwa sababu gluteni (protini) ya ngano kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kipimo cha protini huhesabu naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni, basi karatasi ikasoma protini nyingi huku figo za wanyama zikifa. Aliyekuwa na mfuko wenye namba alijua atupe upi. Mwenye punje za ndoo angejuaje?

Mama Buzuruga
Mimi nashauri kupika nyumbani. Mioyo ya kuku ina taurini ya kutosha kuliko minofu ya kifua. Chemsha kidogo, usimwage supu kwa sababu taurini huyeyukia humo. Maini yasizidi kipande kidogo kwenye sufuria, kama sehemu moja ya ishirini, maana vitamini A ikizidi kwa miezi mingi inagandisha mifupa ya shingo. Kitunguu maji na kitunguu saumu visiguse kabisa, vinavunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo masalia ya mchuzi wetu si chakula cha paka. Na nyama tupu haina kalsiamu, lazima uongeze unga wa maganda ya mayai, kama gramu 5 kwa kilo ya nyama.

Kokoto za Igogo
Mama, hata hivyo bado kutapungua vitamini E, iodini na vingine. Kwa siku mbili tatu sawa, kwa mwaka hapana, mpaka mtaalamu amuandikie vipimo. Na dagaa pia tuseme ukweli. Akianikwa chini anabeba mchanga. Analiwa na mifupa yake yote, fosforasi na magnesi zinapanda. Samaki wabichi wa jamii kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, paka anaanza kuinamisha shingo na kuyumba. Kupika kunakiua kimeng'enya hicho, kuanika juani si kupika. Dagaa awe kionjo.

Tabibu Mifugo
Dada, nauliza mara ya tatu. Haja ndogo?

Binti Nyasaka
Sikutaka kuugeuza uzi uwe wa ugonjwa. Anaenda kwenye boksi la mchanga mara nyingi. Anachuchumaa muda mrefu, yanatoka matone, jana yalikuwa na wekundu kidogo. Leo sijaona kitu, na analia anapochuchumaa. Anajilamba sana huko nyuma. Amehasiwa, ndiyo. Nilidhani ni kufunga choo kwa sababu ya dagaa, ndiyo maana nataka kubadilisha chakula. Jirani alisema nimpe nusu panado, sijampa bado. Na punje za kupima nimeshalipia nusu ya kilo kumi, nazichukua kesho, kwa hiyo tafadhali msiniambie nisizichukue, niambieni tu nazichanganyaje.

Tabibu Mifugo
Acha habari ya punje. Paka dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo ni dharura ya usiku huu. Mrija wa dume ni mwembamba sana, fuwele au kizibo cha ute kinauziba. Mkojo ukirudi nyuma, figo zinasimama, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unapoteza mapigo. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Panado usimpe hata chembe. Ini la paka haliwezi kuisafisha, inamuua. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, vilevile hapana. Usimlazimishe maji kwa bomba la sindano. Pitisha vidole taratibu chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma: kibofu kilichoziba ni kigumu kama ndimu. Usikiminye, kitapasuka.

Muweke kwenye tenga lenye nguo, mfunike. Kabla ya kutoka mpigie daktari wa mifugo uulize jambo moja: una mpira mwembamba wa mkojo wa paka dume, saizi 3.5? Vituo vingi vimezoea ng'ombe na mbwa, ukifika bila kuuliza utapoteza muda. Asiyekuwa nao anaweza kuvuta mkojo kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo kupunguza shinikizo, halafu akuelekeze kwa mwenye nao. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya nyumbani.

Jiwe la Bismarck
Samahanini wadau, hii naiona chai. Mleta uzi ameanza na "anakula kawaida", sasa paka yuko mahututi. Na punje za kupima hazina karatasi, hiyo protini 32% kaisoma wapi? Huyu ni muuzaji anapima soko. Kesho atarudi na namba ya simu na picha za ndoo.

Mwalo wa Kirumba
Hata mimi nilishangaa. Mtu mwenye paka anayelia angekuwa anahesabu asilimia?

Sumukuvu Ipo
Swali la 32% ni la haki, lijibiwe. Lakini mwenye kitu cha kuuza haelezi matone yenye damu.

Binti Nyasaka
Sina duka. Hiyo 32% aliniambia muuzaji kwa mdomo, na ni kweli sikuona karatasi yoyote. Nilisema anakula kawaida kwa sababu asubuhi alikula dagaa wawili. Nimempigia daktari, mpira anao. Natoka sasa.

Jiwe la Bismarck
Kama ni hivyo nenda salama dada. Bado nasema namba ya mdomoni isingefaa kuandikwa humu kama kitu kilichopimwa, kuna watu wangeinunua.

Tabibu Mifugo
Akishazibuliwa, mwombe daktari aweke tone la mkojo kwenye hadubini na apime pH, yaani kiwango cha asidi au alkali. Fuwele za struvite, yaani magnesi, amonia na fosfeti, huota mkojo ukielekea alkali, na chakula maalumu kinaziyeyusha kwa wiki kadhaa. Mawe ya oksaleti ya kalsiamu hayayeyuki kwa chakula chochote. Kabla ya jibu hilo mtu asikushauri ndimu wala siki.

Binti Nyasaka
Wakuu, tumerudi leo. Alikuwa ameziba. Amewekewa mpira na dripu, akalala huko. Daktari kaona struvite, pH 7.5. Ameandika Royal Canin Urinary S/O au Hill's c/d na kusema ya rojo ni bora. Bei imenishtua. Muuzaji wa punje hataki kurudisha pesa. Siwezi kuchanganya nusu kwa nusu ili zisiharibike?

Tabibu Mifugo
Hapana. Chakula cha kuyeyusha kinafanya kazi kikiwa peke yake. Kijiko cha punje nyingine au kionjo cha dagaa kinarudisha madini yaleyale. Wiki za kwanza ndizo za hatari, madume wengi huziba tena.

Sababu ya rojo ni maji. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 kwa siku, za chakula na za kunywa pamoja. Punje kavu gramu 60 zinamtosha kwa nguvu lakini zina mililita 5 au 6 za maji. Rojo gramu 250 lina karibu 200. Ukishindwa bei, nunua punje za aina hiyohiyo ya matibabu, zimwagie maji ya uvuguvugu ziwe uji, na weka mabakuli ya maji sehemu mbili tatu mbali na boksi la mchanga. Hesabu vidonge vya mchanga vyenye mkojo kila siku. Vikipungua, rudi kwa daktari.

Kokoto za Igogo
Na huyo ni mnene, mpime kwa mzani na chakula upime kwa gramu, si kwa kiganja. Ila usimkondeshe kwa njaa. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini. Akikataa ladha moja, jaribu nyingine ya tiba hiyohiyo, ipashe moto kidogo harufu ipande.

Sumukuvu Ipo
Kuhusu pesa yako: nenda kwa afisa mifugo wa kata. Chakula cha mifugo kina sheria yake tangu 2010, na kuuza kitu kisicho na lebo ni jambo la kumuuliza muuzaji mbele ya afisa. Chukua sampuli kwenye mfuko safi mkavu, andika tarehe na duka. Usiwapelekee paka wa jirani kama sadaka.

Mama Buzuruga
Pole sana mwanangu. Kopo likishafunguliwa lifunike kwa kifuniko, liweke kwenye friji, limalizike ndani ya siku mbili. Kwenye bakuli lisikae zaidi ya saa moja au mbili kwa joto hili la mchana.

Binti Nyasaka
Asanteni. Je, mfuko wa punje za tiba ukifunguliwa, nimimine kwenye ndoo yenye kifuniko?

Sumukuvu Ipo
Ubaki ndani ya mfuko wake, toa hewa, kunja mdomo, ubane, kisha mfuko mzima ndio uingie kwenye ndoo. Mabaki ya mafuta kwenye kuta za ndoo huchacha na kuambukiza chakula kipya. Nunua mfuko utakaoisha ndani ya wiki sita, na lebo ukaipige picha leo kabla haijachanika.