Nanosilika au nanoalumina kwa vanishi ya kukaushwa kwa taa?

Kipako: Habari wakuu. Wiki hii naagiza chembe nano za kuchanganya kwenye vanishi yetu ya akrilati, ile inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno. Tatizo ni mikwaruzo. Nimebaki na nanosilika na nanoalumina, na kuna anayenishauri oksidi ya zinki ili kuzuia jua. Nichukue ipi?

MkemiaWaZamani: Mkuu, hujasema unapaka juu ya nini, angavu au ya rangi, ndani au nje. Na taa ni nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake?

NuruKali: Silika, wala usijiulize. Inapinda mwanga karibu sawa na akrilati, vanishi inabaki angavu. Alumina ikishikamana kidogo tu, ukungu huo.

MzeeMsasa: Anatafuta ugumu, si urembo! Kwa kipimo cha Mohs alumina ni 9, silika 7. Sakafu ya kukanyagwa kutwa inataka alumina.

NuruKali: Hiyo 7 ni ya kwatzi, silika yenye fuwele, mzee. Nanosilika ya vanishi haina fuwele, iko chini ya hapo.

MzeeMsasa: Basi umenisaidia hoja yangu.

Kipako: Samahani wakuu. Ni mbao, vanishi angavu, ndani. Taa ni LED ya 395.

DadaResini: Zinki achana nayo. Kiwanda nilikokuwa kililetewa vanishi yenye oksidi ya zinki kwa ajili ya milango ya nje. Taa zetu zilikuwa za 365, na zinki inameza mwanga wa eneo hilohilo, kwa hiyo uliotakiwa kuamsha fotoinisheta (kemikali inayoanzisha ukaukaji ikipigwa na mwanga) uliishia juujuu. Ukigusa, ngumu kabisa. Milango ikapakiwa, ikaenda. Mvua na jua vilipopokezana ikaanza kubanduka vipande, na chini yake vanishi bado laini. Msambazaji akasema eti mbao zilikuwa mbichi! Tulikwangua milango yote kwa mkono na hakuna aliyetulipa. Kwa 395 zinki haitazuia mwanga kiasi hicho, lakini ndani ya nyumba unakinga jua gani?

NuruKali: La dirishani. Kioo cha kawaida hakizuii urujuanimno wote.

MkemiaWaZamani: Kipako, kwa 395 mimi ningehofia zaidi oksijeni. Inazima radikali, zile molekuli zinazoendesha ukaukaji, pale juu, uso unabaki unanata. Mnapuliza naitrojeni? Na silika hiyo imeshapakwa silani, kemikali ya kufunika chembe? Ikiwa tupu, chembe hushikana na vanishi inakuwa nzito kama uji.

Kipako: Naitrojeni hatuna. Silani msambazaji hajataja. Fotoinisheta ni TPO.

DadaResini: TPO? Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi tangu Septemba 2025, kwa sababu ya madhara kwa uzazi.

MzeeMsasa: Vipodozi ni rangi za kucha, hapa ni mbao.

DadaResini: Anayechanganya ana mikono na mapafu, mzee. Kipako, vijana wako wanavaa glavu za aina gani?